Mahari Iliyojua Njia

Mpwa wangu Gaolathe alikuwa mtoto wa kawaida mpaka alipoanza shahada ya uzamili. Sisemi elimu ni mbaya. Nasema tu kwamba zamani ungeweza kumtuma sukari akaenda, akarudi, mambo yakaisha. Baada ya muhula wa kwanza ukimtuma sukari anakuuliza kwa nini hununui ya mwezi mzima. Ukimwambia haya, nunua ya mwezi mzima, anakuuliza utaiweka wapi, na hiyo nafasi itakayoliwa na sukari nani ameipigia hesabu. Nimekunywa chai chungu mara nyingi kwa sababu ya chuo kikuu.

Alisomea usimamizi wa mnyororo wa ugavi, kule Gaborone, masomo ya jioni, maana mchana alisimamia ghala la vifaa vya ujenzi. Ukimuuliza hiyo ni elimu ya nini, anakuambia ni kuhakikisha kitu kinatoka kilipo na kufika kinapotakiwa, kwa wakati, bila hasara. Tasnifu yake ilihusu nyama ya ng'ombe: namna ya kuifuatilia kutoka kwenye sahani ya mlaji huko Ulaya, kurudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka zizi alilozaliwa ng'ombe mwenyewe. Nilimuuliza Mzungu akishashiba anataka kujua zizi la nini. Akacheka, akasema, "Mjomba, dunia imebadilika."

Nilivumilia, kwa sababu marehemu dada yangu aliniachia huyo mmoja tu. Nimemlea mimi, hapa Rakops, na kwetu mjomba ndiye anayesimama mbele siku ya mahari. Likizo zote alikuja kwangu, na likizo zote alinikera. Kuna siku alisimama zizini akimtazama Tilodi, maksai wangu mzee.

"Mjomba, huyu anafanya kazi gani?"

"Anakula."

"Utamuuza lini?"

"Hauzwi."

"Basi hii ni mali iliyolala."

"Amesimama, huoni?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa.

Shangazi yake, Mma Oabile, ndiye aliyeonja elimu hiyo kwa ulimi. Alikuwa na wageni wa chama chake cha kuzikana, Gaolathe akamshauri asinunue nyama mapema, eti iletwe saa ile ile inayohitajika chunguni. Gari la mwenye bucha likakwama mchangani. Akina mama wakala bogobe, ule ugali wetu wa mtama, mkavu huku wakitabasamu kwa adabu, na Mma Oabile hakumsemesha mpaka Krismasi.

Ndipo akampata Segametsi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Thamaga, msichana anayecheka kwa sauti na asiyeogopa mtu. Tulikwenda kuposa, tukasikilizwa, tukaambiwa: ng'ombe wanane, wenye uhai, waingie kwa miguu yao kabla jua halijachomoza. Baba mtu, Rra Segametsi, alisema hataki bahasha ya pesa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Niliwajua wanane wangu kabla sijafika nyumbani.

Gaolathe akaja na ramani.

"Mjomba, tazama. Kati ya hapa na Thamaga kuna ule ua wa serikali wa kuzuia mifugo isivuke. Kuna ugonjwa wa miguu na midomo, kuna kibali, kuna karantini. Kwa nini tuhangaike kupeleka ng'ombe mahali palipojaa ng'ombe? Tuuze hawa hapa, tununue wengine kule kule, karibu na mlango wao."

"Mahari inatoka zizini kwetu."

"Nani alisema?"

Nilifikiri. Kwa kweli hakuna aliyesema. Hata mgeni haambiwi aje amevaa nguo. Nikamwambia mahari si saruji, akaniambia mjomba usikasirike, na kwa kuwa ua ulikuwa umefungwa kweli na harusi ilikuwa Jumamosi ile inayokuja, nikashindwa. Akampata dalali mjini. Dalali akatuma picha za nyuso za ng'ombe, wazuri, wanene, wenye macho ya upole. Sikulala kwa hasira, lakini hata mimi niliwasifu.

Tuliwakuta katika zizi la kukodi nje ya Thamaga, Alhamisi alfajiri. Baridi ilikuwa kali. Wajomba wote tulivaa makoti ya heshima, akina mama mablanketi mabegani, na Gaolathe akaambiwa abaki nyuma kwenye lori, maana bwana harusi hana kazi mbele siku hiyo. Ng'ombe walikuwa na chapa ya muuzaji pajani, jambo la kawaida kwa ng'ombe wa kununua. Tukawafungulia.

Sasa, ng'ombe wageni katika kijiji wasichokijua husumbua. Huogopa mbwa, huingia viwanja vya watu, hula nguo zilizoanikwa. Hawa walinyooka. Tulipofika bombani walikata kushoto wenyewe, kabla sijanyanyua fimbo. Binamu yangu akaninong'oneza, "Hawa wana adabu kuliko sisi." Nikaanza kuamini kwamba chuo kikuu kina maana. Kisha wakaongeza mwendo. Tukaongeza na sisi. Mwishowe wazee wazima wenye makoti tulikuwa tunakimbia nyuma ya mahari yetu wenyewe.

Utaratibu ni kwamba tunafika langoni, tunachutama, tunabisha hodi, tunaulizwa tumekuja kutafuta nini. Ng'ombe hawakuchutama. Waliwapita wazee wa upande wa pili waliojipanga kutupokea, mmoja akainua mti wa lango la zizi kwa pembe, akaingia, wenzake wakafuata. Huyu akaenda kulamba chumvi kwenye kona yake, yule akalala mahali palipokuwa pameshachimbika kwa umbo la tumbo lake. Rra Segametsi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Akatoka bibi yake Segametsi mzaa baba, Mma Tidimalo, na blanketi lake na mkongojo. Alikwenda moja kwa moja zizini.

"Mmatladi!" aliita. "Umerudi lini malishoni, mwanangu?"

Ng'ombe mwekundu akalia, akaja, akaweka kidevu begani kwa bibi.

Bibi akageuka taratibu kumtazama mwanawe. "Wewe. Si uliniambia umewapeleka kwenye kisima cha mbali, kwenye majani mazuri?"

"Mama, nilitaka..."

"Ulitaka nini?"

Rra Segametsi alitazama upande wa nyuma ya nyumba, na sote tukatazama huko. Palikuwa na hema jeupe la harusi, kubwa kuliko kanisa, na vipaza sauti virefu kama milango. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Aliuza ng'ombe wa mama yake kwa siri, dalali akanunua, na mpwa wangu msomi akanunua kwa dalali.

Niliona harusi inakufa mbele yangu. Ningemweleza nini dada yangu kaburini, kwamba nimempeleka mwanawe kuoa kwa ng'ombe wa wakwe zake?

"Mwiteni huyo kijana," alisema bibi.

Gaolathe akaja, mikono nyuma.

"Wewe ndiye msomi?"

"Ndiyo, Mma."

"Unasomea nini huko?"

Nilimwomba Mungu asiseme. Akasema. "Kufuatilia asili ya nyama, Mma. Kutoka sahani mpaka zizi."

Mtu mmoja akakohoa. Akina mama wakavuta mablanketi mpaka puani, na mablanketi yakaanza kutetemeka.

"Na hawa uliwafuatilia?"

"Hapana, Mma," akasema kwa sauti ndogo. "Niliangalia umbali tu."

Bibi akakaa kwenye kigoda kilicholetwa mbio. "Haya. Ng'ombe hawa ni wa nani?"

"Ni wako, Mma," nikajibu mimi, maana mjomba ndiye msemaji.

"Wamelipwa mahari leo. Kwa hiyo aliyelipa ni nani?"

Nilisita. "Kwa upande mmoja, ni wewe."

"Na huo upande wa pili sijauona. Nimelipa mimi. Nimemlipia nani? Mjukuu wangu nilikuwa naye tayari." Akamwelekeza mpwa wangu mkongojo. "Nimemlipia huyu."

Kicheko kilipasuka uwanjani hadi mbwa wakabweka. Mimi sikucheka.

"Mma, kwetu mwanamume haolewi!"

"Hata kwetu. Kwetu pia mtu haletewi ng'ombe wake mwenyewe amefungwa utepe. Harusi iko pale pale Jumamosi, hema si limeshalipiwa na Mmatladi? Lakini kijana atakaa hapa, atachota maji, atachunga, mpaka ng'ombe wa zizi lako waingie lango hili. Siku hiyo atamchukua mke wake aende naye anakotaka."

"Ua umefungwa, Mma! Inaweza kuwa mwaka!"

"Basi atanenepa."

Dirisha likafunguliwa, Segametsi akachomoza kichwa chenye kitambaa. "Bibi, mimi nimekubali!"

"Wewe hujaulizwa!" akafoka baba yake, akiwa amefurahi kupata mtu wa kumfokea.

Nikamgeukia Gaolathe nikitaka apinge, alie, afanye chochote. Nikaona midomo yake inacheza. Ninaijua midomo hiyo. Alikuwa anapiga hesabu.

"Mjomba," akasema, "kwa kweli kutoka hapa mpaka chuoni ni karibu zaidi kuliko kutoka Rakops..."

"Nyamaza."

"Nauli peke yake..."

"Gaolathe, nyamaza!"

Ikawa hivyo. Jumamosi tulicheza chini ya hema la Mmatladi, na Rra Segametsi alicheza mbali na mama yake. Jumapili nikapanda lori kurudi Rakops. Kibali nimeomba, na kila Jumatatu naenda ofisi ya mifugo kuwauliza kama ua umefunguliwa, mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijavua kofia.

Jumapili ile tulipokuwa tunaondoka nilimwona Gaolathe kwa kioo cha pembeni. Amevaa shati la harusi, amebeba ndoo mbili za maji, bibi yuko nyuma yake na mkongojo, na Segametsi ameegemea nguzo anacheka kwa sauti ile yake. Mpwa wangu naye alikuwa anacheka, maji yanamwagikia suruali. Nikacheka na mimi, nikacheka hadi dereva akaniuliza, "Rra, kuna nini?" Nikageuka nimsimulie. Kiti kati yetu, alichokalia Gaolathe tulipokuja, kilikuwa kitupu, na likizo ilikuwa imekaribia, ya kwanza ambayo hangekuja kunikera.