Beki Aliyecheza Bila Kukimbia

Januari Mkude, mzaliwa wa Kilosa, alicheza mpira wa ligi kwa miaka tisa, na katika sita kati ya hiyo hakukimbia.

Alianza kama winga wa timu ya kiwanda cha sukari, mwepesi, akilipwa kama karani wa ghala ingawa ghalani hakuonekana sana. Mwaka 1987, kwenye mechi ya ugenini Tanga, beki alimwingia kwa miguu miwili, goti likalia. Mganga wa timu alilikanda kwa maji ya moto, akalifunga bandeji. Baada ya wiki tano Januari alisema amepona. Hakuwa amepona; akigeuka ghafla, goti lilihama. Akamwomba kocha amjaribu kama beki wa kati. Huko alijifunza kusimama pale mpira utakapofika. Mashabiki walimwita Bwana Shamba, kwa vile alitembea uwanjani kama anayekagua mahindi. Wengine walimzomea. Alicheza hivyo hadi 1993, timu ilipovunjwa.

Mkewe Leokadia, muuguzi, alipata kazi Toronto mwaka 2002. Januari akaajiriwa kwenye maghala ya mizigo ya Malton, karibu na uwanja wa ndege, akanyanyua maboksi miaka ishirini na ushee. Mwaka jana goti likakataa kabisa. Daktari wa upasuaji alimwonyesha picha.

“Kano moja ya ndani haipo. Ilikatika lini?”

“Themanini na saba.”

“Baada ya hapo ulifanya kazi gani?”

“Nilicheza mpira.”

Daktari akaitazama picha upya.

Aliporudi nyumbani, mtaa wa Weston, alimpigia simu Frank, kipa wao wa zamani, anayeishi Malvern, upande wa pili wa jiji. Frank ndiye aliyemtungia lile jina. Januari alimweleza aliyoambiwa na daktari.

“Mbona hukutuambia, Janu?”

“Ningewaambia, ningekaa benchi.”

“Mimi nilikuwa nakutukana kila kona ikipigwa.”

“Nilikusikia.”

Frank akacheka, kisha akaomba radhi kwa sauti ndogo. Januari alisema si kitu. Baadaye alimwambia Leokadia kwamba maneno yale alikuwa akiyangoja bila kujua.

Goti la bandia liliwekwa mwezi Machi. Frank alikuja kumwona na sufuria ya mtori wa ndizi, wakabishana nani alisababisha goli walilofungwa Mwanza mwaka 1991. Hawakuafikiana. Mwezi wa sita Januari alirudi kazini, akapewa meza ya kupokea hati za mizigo. Kukaa kutwa nzima, anasema, bado hajakuzoea.