Mtetemo Chini ya Gari la Mkunga

Fundi Nyundo alianza kuwa kiziwi sikio la kushoto, kisha la kulia likafuata, kama ndugu asiyetaka kuachwa nyuma. Wateja walipojua, wakapungua. Gari hutambuliwa kwa mlio, walisema, na fundi asiyesikia ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Yeye hakubisha, kwa kuwa hakuwasikia. Alikaa nyumbani akimtazama mkewe akishona sare za shule, mpaka mkewe akachoka kutazamwa.

"Baba watoto," alimwambia sikioni, kwa sauti iliyofanya jirani aitike, "kafungue gereji. Hapa unanikosesha mishono."

Wakaenda wote wawili. Mteja wa kwanza alikuwa mkunga, mwenye gari kuukuu la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kila lilipochanganya mwendo lilitetemeka. Alikuwa ameshanunua matairi mapya na kuyapima mizani, wapi!

"Mjamzito wa mwisho niliyempakia alijifungua kabla hatujafika," alisema mkunga. "Ukoo mzima unanishukuru. Mimi sitaki kushukuriwa hivyo."

Mke wa Nyundo alishika usukani, mkunga akakaa kando yake. Nyundo alivua viatu, akakaa chini kule nyuma, nyayo na viganja sakafuni. Gari likakolea mwendo. Usukani ulitulia tuli. Sakafu ndiyo iliyotetemeka. Nyundo akainua mkono, mkewe akatoa gia. Injini ikashusha pumzi, gari likaendelea kuteleza, na mtetemo haukupungua.

"Si injini," Nyundo alitangaza. "Wala si magurudumu ya mbele. Ni propela."

Yaani lile bomba refu la chuma chini ya gari, linalopeleka nguvu nyuma.

"Umejuaje?" mkunga aliuliza.

"Hajakusikia," alisema mkewe. "Na angesikia asingejibu. Ndivyo alivyo tangu tuoane."

Waliporudi gereji, Nyundo alijilaza chini ya gari, akatikisa viungo vya ncha zote mbili za propela. Havikulegea hata kidogo. Akalala pale, akiwaza kwamba labda wateja walisema kweli. Kisha akajivuta nyuma na kuitazama propela kwa urefu wake. Uma wa chuma unaoshika kiungo cha ncha moja ulisimama wima. Wa ncha ya pili ulikuwa umekaa upande. Mtu alikuwa ameichomoa katikati, pale vipande vyake viwili huingiliana kwa meno, atie grisi, akairudisha bila kuyalinganisha. Tangu hapo kila ncha ilicheza ngoma yake.

"Nani alitia grisi?" aliuliza akitoka uvunguni.

"Shemeji yangu!" mkunga alimpazia sauti sikioni. "Alijitolea!"

"Mshukuru. Ila asijitolee tena."

Aliichomoa, akalinganisha uma kwa uma, akairudisha, kisha akapaka alama ya rangi pande zote mbili za maungio, ili shemeji mwingine asipate kisingizio.

Wakarudi barabarani. Mwendo ulikolea, ukapita kiwango kilichokuwa kikisumbua, na sakafu ikanyamaza. Nyundo hakuondoa viganja. Mkewe alimwona kwenye kioo akijifuta macho kwa bega, akakigeuza kioo kidogo upande mwingine.

"Tumeipita gereji," alisema mkunga.

"Najua," alijibu mkewe Nyundo, akakanyaga mafuta.