Go, Went, Gone Nyuma ya Plau

Siku hizi nikipita mbele ya ile hoteli ya Karatu nashusha kofia hadi puani. Niliitwa pale kwenye usaili wa uhudumu, na nilishadokezwa kwamba meneja huuliza vitenzi vya Kiingereza. Mimi “go” imenishinda tangu shule. Basi wiki nzima nikawa naikariri nikilima na maksai wetu wawili, Mweusi na Baraka, kule Endabash. “Go,” nampigia mluzi Mweusi. “Went,” namchapa Baraka. “Gone,” tumefika mwisho wa shamba, nawafokea wote: “Geuka wewe.” Ikaingia kichwani barabara.

Meneja, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaniambia, “Haya kaka, tuanze na go.”

Woga ukanishika. Nikafumba macho ili nilione shamba. Nikasema “go”, na mluzi ukatoka wenyewe. “Went” ilikuja pamoja na kofi la nguvu juu ya meza yake. “Gone. Geuka wewe.”

Nikafumbua macho. Mama wa watu alikuwa ameinuka kitini, kalamu mkononi.

“Vitenzi umepatia vyote,” akasema bila kucheka. “Ila hujaniambia nigeukie upande gani.”