Plagi za Mjomba Zilizosuguliwa kwa Majivu

Hebu sogea karibu nikueleze. Siku tuliyokwenda Bungoma kumposea kaka yangu, gari la mjomba lilianza kukohoa hata kabla hatujatoka Kitale. Wakwe walitutarajia kwa chakula cha mchana, na kuwachelewa ilikuwa aibu kubwa. Mjomba akafungua plagi, akazisugua kwa gunzi la mahindi na majivu.

"Si mnaona zinang'aa?" akajigamba.

"Zinang'aa, bana," shangazi akamjibu. "Lakini leo tunaposa ama tunaosha sufuria?"

Gari likazidi kukohoa. Nikamwonyesha mjomba polepole: ncha ya plagi ilikuwa imelika, mwanya ukawa mpana mno kwa cheche kuruka, na majivu hayarudishi chuma kilicholika. Dukani akachagua plagi ndefu kuliko zote, ati ndizo zenye nguvu. Nikamsihi aziache, kwa sababu zingegonga pistoni. Tukanunua zenye namba iliyo kwenye kitabu cha gari, na tukafika wakwe ndio kwanza wanapakua kuku.

Kwa hiyo, kabla ya kununua plagi, fungua kitabu cha gari lako usome namba yake.