Hoteli ya Mboga Niliyoionea Wivu

Siku nyingi za ujana wangu zimenitoka kichwani, mwanangu, lakini siku niliyoambiwa huko Riyadh kwamba nimeshindwa na kabichi ninaikumbuka hadi harufu ya sabuni niliyokuwa nikioshea vyombo. Cheka tu. Hata mimi nacheka sasa, ingawa siku ile nusura nivunje sahani za watu.

Ilikuwa miaka ile maajenti walipopita mtaa kwa mtaa wakitafuta wasichana wa kupeleka Saudia. Mimi nilitoka Voi, nikapelekwa nyumba moja ya Al-Naseem, upande wa mashariki wa Riyadh, nikawa mpishi. Baadaye akaletwa msichana wa Kilifi aitwaye Zawadi, awe yaya wa watoto. Alikuwa mdogo kwangu, akaniita Dada Rehema tangu siku ya kwanza, nami nikamfunza nyumba: madam anapenda nini, Baba, mume wake, hapendi nini, maneno gani ya Kiarabu ya kuyajibu mbio na yapi ya kujifanya hukuyasikia. Tulilala chumba kimoja nyuma ya jiko. Tulikula kilichobaki mezani, mara nyingi tumesimama, kwa sababu hapakukosa mtu wa kuita. Nilimpenda yule msichana. Ulijue hilo mapema, maana mbele huko unaweza kudhani vingine.

Sasa, kila joto la Riyadh lilipozidi, familia ile ilipanda ndege ikaenda Ulaya, mji wa Vienna, na ilimchukua mfanyakazi mmoja. Mwaka ule nilikuwa na hakika kwamba ni mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye niliyetangulia kufika. Nilikuwa nimeshampigia mama simu, na mama, unavyomjua bibi yako, alikuwa ameshawaambia majirani wote na mwenye duka.

Madam akaingia jikoni akasema, "Rehema, wewe utabaki umpikie Baba. Zawadi atakwenda nasi."

Nilimuuliza sababu, na sababu yenyewe ndiyo iliyonichoma. Safari ile walikuwa wakienda na Hajja, mama yake Baba, aliyekuwa akiishi Jeddah. Hajja akiwa Ulaya haonji nyama, kwa kuwa hajui imechinjwa vipi. Kwa hiyo kule Vienna walikuwa na hoteli moja ya kula waliyoizoea, ya zamani sana, iliyofunguliwa kabla Hajja mwenyewe hajazaliwa, na hoteli hiyo haipiki nyama kabisa. Mboga, nafaka, mayai, maziwa, basi. "Mpishi wa nini?" madam akasema. "Chakula kipo. Nahitaji mtu wa watoto."

Mwanangu, nilishikwa na wivu hadi masikio yakawa ya moto. Nilimwonea wivu Zawadi, hilo ni wazi, lakini niliionea wivu na ile hoteli. Mimi niliyepika kabsa, ule wali wao wa nyama, hata wageni wakaomba wafungiwe wa kwenda nao, nimeachwa kwa ajili ya watu wanaochemsha kabichi! Siku nzima nilisukuma masufuria kwa kelele ili nyumba nzima isikie.

Zawadi alipokuwa akipanga nguo aliniuliza, "Dada, nikuletee nini?"

"Usiniletee kitu," nikamjibu. "Angalia tu usipotee huko."

Walipofika, haukupita muda akanitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Nikasikia sauti yake inatetemeka kwa furaha: "Dada Rehema, wacha nikwambie, leo nimekaa kwa ile hoteli, weh, si uongo, leo mimi..." Nikauzima papo hapo. Sikutaka kujua yeye leo nini. Nikamwandikia: "Sawa. Mimi nina kazi."

Baada ya hapo habari zake zikageuka. Kuna baridi, dada. Watoto wananisumbua, dada. Wao wanakula ndani, mimi nasimama nje na gari la mtoto, dada. Hapo nikapata moyo wa kumjibu! Nilimtumia pole ndefu, nikamwambia avumilie, nikamwita mdogo wangu. Na siku hiyo nilikula wali wangu kwa hamu, nikaona hata Riyadh si mahali pabaya.

Waliporudi, nilimuuliza juu ya hoteli, nikijifanya sijali. Akatazama chini. "Ah, ni mboga tu, dada. Mimi hata sikuingia sana." Nikampikia chai ya tangawizi. Nilikuwa mwema sana kwake wiki hiyo, ungenipenda.

Idi ilipokaribia tukaenda Jeddah, nyumbani kwa Hajja. Hajja alikuwa mtu wa kuingia jikoni mwenyewe, akaketi kwenye kiti akanitazama ninavyomenya. Asubuhi moja akaniambia, "Nitengenezee supu ya boga kama ile ya Vienna. Muulize Zawadi ilivyokuwa. Alikuwa akila hapa ubavuni kwangu kila siku."

Kisu kikasimama. "Zawadi alikuwa anakula, Hajja?"

"Mashallah! Hadi nikawa nashiba kwa kumtazama." Akacheka peke yake, kisha akanipa la pili kama mtu anayeniambia habari njema. Alikuwa amemwomba mwanawe, yule Baba aliyekuwa kafili wetu, mwenye vibali vyetu vya kazi, amwachie Zawadi akae naye Jeddah. Baba amekubali. Sisi wengine tungerudi Riyadh baada ya Idi bila yeye.

Ungedhani nililia kwa kuachwa na rafiki. Wapi! Kilichonipandisha hasira ni kwamba alikula. Alikula, akaketi, akaniambia alisimama nje.

Jioni yake Hajja alituruhusu twende mtaa wa Bani Malik kumsalimia Bi Zuhura. Huyu alikuwa mama wa Mombasa aliyekaa Jeddah na mumewe tangu zamani, na chumba chao cha kupanga ndicho sisi wasichana wa Pwani tulichokimbilia tukipewa ruhusa. Dereva akatushusha. Zawadi akaingia jikoni kusukuma chapati, nami nikabaki na Bi Zuhura aliyekuwa akichambua dengu kwenye sinia. Nikammiminia yote, kwa sauti ya chini lakini ya hasira, kwamba Zawadi ni mwongo.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kakwibia kitu?"

"Hakuniibia."

"Kakusema vibaya kwa madam?"

"La, Bi Zuhura."

"Hebu niambie. Ule ujumbe wa kwanza, aliokuwa akicheka, wewe ulimjibuje?"

"Nilimwambia nina kazi."

"Na alipokwambia yuwateseka?"

"Nilimpa pole."

"Ndefu?"

"Ndefu."

Akaweka sinia chini. "Basi mwongo umemfunza mwenyewe. Mtoto wa watu ameona dadake humpenda akiwa na dhiki, akaona basi nimtafutie dhiki nisije nikampoteza. Huyo hakukudanganya kwa ubaya, Rehema. Amekuogopa."

Nilimwambia kwamba si haki, kwamba safari ilikuwa yangu, kwamba hata yeye angeona wivu.

"Kwani nani amekukataza wivu?" akasema. "Mimi hapa nilimwonea wivu jirani yangu kwa mashine ya kufulia, siku tatu sikupata usingizi. Lakini sikumfanya aifiche chini ya kitanda! Wewe umemfanya mwenzio afiche chakula alichokila. Nawe warudi Riyadh, yeye yuwabaki. Mtaagana na uongo huo katikati yenu? Ukitoka hapa bila kuyasikia ya Vienna, usije tena kunililia dadako kakusahau."

Nilikaa pale nikiwa nimemkasirikia Bi Zuhura kuliko nilivyomkasirikia Zawadi. Unajua mtu akikugusa penyewe. Kisha nikainuka, nikaingia jikoni, nikachukua kijiko cha mafuta ili mikono yangu iwe na kazi.

"Zawadi, nisimulie ile hoteli."

"Si nilikwambia, dada, ni mboga tu..."

"Hajja ameniambia ulikula. Nisimulie yote. Usinipunguzie."

Akaacha kusukuma. Aliniangalia kama watoto wanavyomwangalia mtu mzima aliyeshika fimbo nyuma ya mgongo. "Utakasirika."

"Pengine nitakasirika. Wewe nisimulie tu."

Akaanza polepole. Sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga. Viti vilivyobonyea kwa kukaliwa na watu wa miaka na miaka. Picha za wenye hoteli wa kwanza ukutani, wanaume wa masharubu na mama mmoja mwenye uso mkali. Wazee wa mji ule wanaokuja kila mmoja peke yake, kila mmoja na meza yake, na mhudumu anajua atakachokula kabla hajavua koti. Supu ya boga yenye mafuta ya mbegu zake juu, ya kijani iliyoiva karibu na weusi. Madonge ya unga yaliyoviringishwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi. Unauma ukidhani ni andazi, kumbe ndani mna tunda zima la moto. Alipofika kwenye madonge hayo mikono yake ilikuwa hewani na chapati ilikuwa inaungua, wala hatukuigeuza.

Kisha akaniambia habari ya mhudumu. Ilikuwa siku ya kwanza. Mama wa makamo, aproni nyeupe, alizunguka meza akiuliza kila mtu atakula nini. Alipomfikia Zawadi, madam akamwambia kwa mkono kwamba huyu mwache, atakula kitakachobaki kwa watoto. Yule mama ama hakuelewa ama hakutaka kuelewa. Alisimama pale pale, kalamu mkononi, akimtazama Zawadi na kumngoja. Hajja akasema, "Mwacheni achague."

"Dada, sikujua niseme nini," Zawadi akaniambia. "Tangu nitoke kwa mamangu hakuna mtu ameniuliza nitakula nini. Nikaonyesha tu kidole, sijui hata nilionyesha nini. Halafu nikaenda chooni, nikalia, ndio nikakutumia ile sauti."

Mwanangu, sasa nikwambie kweli. Hapo niliona wivu kuliko siku zote. Ule wa mwanzo ulikuwa mchezo. Mimi maisha yangu yote nimekuwa nikiwauliza watu watakula nini, Voi kwa wadogo zangu, Riyadh kwa madam na wageni wa madam, na hakuna aliyewahi kunigeukia mimi na kunisubiri nifikirie. Nilitaka yule mama wa aproni awe wangu. Nilitaka kiti kile kilichobonyea. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: haya, basi, halas, chapati zinaungua.

Nikayameza. Nikamuuliza, "Na baada ya hapo ukaletewa nini?"

Ungeona mtu anavyofunguka! Alicheka, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaniambia sahani baada ya sahani, siku baada ya siku, hadi Bi Zuhura akaja kuuliza kama tunapika au tunaunguza nyumba. Nilikuwa nimesahau jinsi Zawadi anavyocheka. Tangu safari ile hakuwahi kucheka mbele yangu, na mimi sikuwa nimeona.

Baada ya Idi niliondoka Jeddah, yeye akabaki kwa Hajja. Tuliagana mlangoni na hakukuwa na uongo kati yetu. Vienna sijafika hadi leo, wala wivu wenyewe haukuniisha; akinipigia simu akanitajia yale madonge, bado huniamka. Nami humuuliza, na baada ya hapo?

Nimekuita hapa, mwanangu, kwa sababu juzi nilimsikia dada yako akikuambia amepata nafasi ya chuo, nawe ukamwambia hongera, halafu ukamuuliza kama ameshalipa umeme. Nimeijua sauti ile, niliwahi kuwa nayo. Sikuombi usione wivu. Wivu utakuja, na mara nyingi utakuja kwa wale unaowapenda, maana furaha za walio mbali hazituumi. Ninachokuomba ni kidogo kuliko hicho na ni kigumu zaidi: mtu akikuletea furaha yake, mwache aimalize. Muulize swali la pili. Umia ukiwa unamsikiliza, hutakufa. Na umtazame vizuri yule anayekuletea shida zake tu siku zote, ujiulize kama kweli hana jema lolote, au wewe ndiye uliyemzoesha kulificha. Mpigie dada yako leo hii, kabla hajaanza kukuambia kwamba chuo si kizuri.

Mwenyezi Mungu akukalishe mahali utakapoulizwa na wewe unataka nini, na usubiriwe hadi useme. Akupe furaha kubwa, mwanangu, na akupe mtu wa kumsimulia bila kuipunguza. Amina.