Kitambaa Juu ya Geji

Kuna siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na nikiikumbuka hata sasa pua yangu inasikia harufu ya mafuta ikiungua. Lakini usidhani nitakuambia ya ujana wangu. Huo nimeusahau makusudi, na walioushuhudia wengi wamekufa, Mungu ni mwema. Nitakuambia ya ujana wa mjukuu wangu Mutwiri, ile siku tulimpelekea uchumba Kiirua.

Mutwiri ana pikapu ya otomatiki, ile haina klachi, inajibadilishia gia yenyewe kama mwanamke ameamua. Aliibebesha mawe, akaibebesha mchanga, akapandisha nayo kila mlima wa Mikinduri mpaka giaboksi ikachemka ikafa. Akaweka ingine. Ndiyo fundi wake wa Kinoru akamwambia hii ya pili lazima iwekewe geji ya moto.

Mimi nilikuwa hapo siku inawekwa, nimekaa juu ya taya kuukuu ya gari. Huyo fundi anaongea na pua, haraka haraka, kama nyuki ameingia kwa chupa. "Shosho-ona-hapa, hii-paipu-ndio-inatoa-mafuta-ya-giaboksi-inapeleka-kwa-rejeta-ndogo-huku-mbele, upepo-unaipoesha, inarudi." Akakata hiyo paipu, akaweka kadude ka kusikia moto, akapitisha waya kwa shimo mpaka ndani, akabandika kasaa kadogo kando ya usukani. Hako kasaa kako na sindano, na mwisho kako na rangi nyekundu. "Mutwiri, sindano-ikielekea-nyekundu, simama. Weka nyutro, wacha-injini-ingurume, mafuta-ipoe. Usibishane-nayo."

Mimi hizo namba sikusoma, shule nilipita nje nikienda kuchota maji. Lakini hiyo geji niliielewa mara moja. Nyanya yangu alikuwa anashika ng'ombe sikio kila asubuhi. Mjomba akimwambia, "Mama, si inakula vizuri?" nyanya anamkemea: "Ng'ombe haina mdomo ya kukuambia inaumwa. Shika sikio! Ukingoja ikatae nyasi, umengoja kuchinja." Basi nikamwambia Mutwiri, hilo ndilo sikio la gari yako.

Sasa siku ikafika. Msichana anaitwa Kendi, mtoto wa Kiirua, kule kwa baridi na viazi. Na babake Kendi alikuwa amemkataa Mutwiri mara ya kwanza. Alisema, "Huyu kijana ana mbio." Baadaye akalegea kidogo, akatupa siku moja. Mje kabla jua halijasimama katikati, mkichelewa geti imefungwa. Mutwiri hakulala. Alikuwa anampenda huyo msichana mpaka anaweka chumvi kwa chai.

Unajua sisi Wameru hatuendi kuomba msichana bila ncoolo, lile fungu la miraa la heshima, limechaguliwa kijiti kwa kijiti, likafungwa na majani ya ndizi. Ncoolo ikipokelewa, mmepokelewa. Ikikataliwa, rudini mkalishe mbuzi. Na ncoolo lazima ifike mbichi.

Kaka ya marehemu mume wangu, mzee M'Arimi, ndiye alikuwa msemaji wetu. Huyo akiongea anakohoa kwanza, ndiyo watu wajue neno kubwa linakuja. Kijana mmoja akataka kuweka ncoolo nyuma na kondoo. "Khm! Khm! Ncoolo haikai na mkojo ya kondoo! Ncoolo inatangulia. Ifungeni mbele, ipigwe na upepo, watu wa Kiirua waione ikija!"

Ikafungwa mbele ya gari, pale kwa grili, fungu nene kama mtoto wa miaka miwili. Ikapendeza. Wanawake tukapiga ngemi, vile vigelegele vyetu. Hakuna hata mmoja wetu alifikiria upepo sasa utapita wapi.

Tukaondoka. Mbele ni Mutwiri, M'Arimi katikati, mimi dirishani. Nyuma wazee juu ya benchi, kondoo, na mitungi ya asali. Gari ilikuwa nzito. Tulipita Meru vizuri, tukaanza kupanda, na sindano nayo ikaanza kupanda.

Nikaiona. Mutwiri pia akaiona, kwa sababu aligeuza macho haraka.

"Mutwiri," nikamwambia, "sikio imeshika moto."

"Shosho, ni waya imelegea."

M'Arimi akainama akatazama, akakohoa. "Khm! Gari yako iko na malaria? Ulituambia ni nzima. Tutafika kwa wakwe tukibeba mgonjwa?" Akacheka, na wale wa nyuma wakapiga paa ya kebin wakitaka kujua kichekesho ni nini.

Mwanangu, kijana akichekwa siku ya uchumba wake, akili inatoka kwa mlango. Mutwiri akatazama jua, akatazama hiyo sindano, imebakisha kidogo iguse nyekundu. Akaingiza mkono kwa mfuko, akatoa kitambaa cheupe chenye maua yameshonwa kwa mkono, akafunika geji.

"Haya," akasema, "sasa imepona."

Nikamwambia asimame. Akasema, "Shosho, tukisimama nimempoteza Kendi." Na hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anaomba. Ndiyo maana iliniuma.

Tukaacha lami tukaingia murram, ile ya changarawe inateleza, na hapo kuna kilima kimekaa kama ukuta, na mtaro upande wangu. Nikaanza kusikia harufu, kama sufuria imesahaulika motoni. Katikati ya kilima injini ikalia kwa nguvu, lakini gari haisongi. Inalia tu pale pale. Halafu nikaona mti wa dirishani kwangu unaenda mbele. Miti haitembei, mwanangu. Ni sisi tulikuwa tunarudi nyuma.

Mutwiri akakanyaga breki na miguu yote miwili. Magurudumu yakafunga, lakini changarawe ikatubeba. Nyuma wazee wanaita Mungu kwa Kimeru, Kiswahili kimewaisha. M'Arimi hakukohoa. Alinishika mkono karibu auvunje. Gurudumu la upande wangu likafika ukingo wa mtaro, nikaona chini, nikaona maji ya chini. Mzee mmoja akaruka, mzee wa magoti mabaya, huyo huwa tunamshikia mkono kanisani, akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu. Gari ikagonga jiwe. Ikasimama.

Kondoo peke yake ndiye alilia.

Tukashuka. M'Arimi akapata sauti: "Khm! Ni hiyo saa! Hiyo saa ya fundi ndiyo imeharibu gari!"

Mutwiri alienda mbele, akaweka mkono kwa ncoolo, akautoa haraka. Majani ya ndizi yalikuwa yametoa jasho, yamegeuka rangi kama yamefunikia sufuria ya githeri. Akaelewa hilo fungu ndilo lilizuia upepo. Akaanza kufungua kamba.

"Wacha!" M'Arimi akamzuia. "Ukiitoa hapo njiani umevunja mila. Mimi sitaongea kwa hao watu."

Mutwiri akasema pole pole, "Babu, basi usiongee." Akafungua, akanipa ncoolo nikaibeba kifuani kama mtoto mwenye homa. Akatoa kitambaa kwa geji. Sindano ilikuwa imelala kabisa kwa nyekundu. Akaweka nyutro, akaacha injini ingurume, na sisi sote tukasimama dirishani kama watu wanaangalia mgonjwa. Jua likasimama katikati, likapita. Sindano ikateremka pole pole. Tukapanda tena tukitembea kwa miguu nyuma ya gari, wazee na kondoo, hata mimi na fungu langu.

Tulipofika, geti ilikuwa imefungwa. Babake Kendi alikuja mwenyewe. Huyo anaongea kama anapima sukari, neno, ananyamaza, neno. "Mmechelewa." Akapokea ncoolo, akafungua jani moja. Miraa ilikuwa nyeusi. "Mmeipika?"

M'Arimi mwenye hataongea akaongea: "Khm, ni jua ya Mikinduri, jua kali sana..."

"Si jua," Mutwiri akasema. "Gari ilinionya nikaona aibu. Nikaifunika na hii." Akatoa kitambaa. "Karibu niue hawa wazee."

Mzee akakitazama. Akageuka, akaita, "Kendi. Si hii ni kazi ya mkono wako?"

Kendi akatoka jikoni, unga kwa vidole. Akachukua kitambaa chake, kilikuwa na alama ya mafuta. Mutwiri alitazama chini. Mimi nilikuwa naomba, na mimi siombi kila siku.

"Walete ingine mbichi," Kendi akasema. "Siku ingine." Akakunja kitambaa akatia kwa leso, akamgeukia Mutwiri. "Na hii nitakaa nayo mimi. Siku nitakuambia naumwa, usinifunike."

Babake akafungua geti, akatuambia tuingie tunywe chai. Chai tu. Ncoolo tulirudisha nyumbani, na tukaenda tena na ingine, safari hii imelala mapajani mwangu. Sasa ni mke na mume, na hiyo geji mpaka leo iko wazi.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, hiyo umeimba shuleni. Mimi nakuongezea ya kwangu: mwenye kukuonya hatakuchekesha. Anaweza kuwa sindano, anaweza kuwa mke, anaweza kuwa kifua chako kikikubana usiku. Usimfunike kwa sababu watu wanatazama. Na ukiwa na haraka ya kitu unachokipenda, hapo ndipo usimame upesi zaidi. Kitu chako kitangoja. Kisipongoja, utakuwa hai kukililia.

Haya, lete mikono nikubariki. Fungua viganja, usiogope, nitatema mate kidogo tu, meno yenyewe hayako ya kuyazuia. Thaai, amani. Milima yako yote uipande bila kurudi nyuma, na penye utasimama, Mungu wetu, Murungu, akuwekee jiwe.