Swali la Kiatu Kimoja

Nilirudi Kasese, karibu na mpaka wa Kongo, kutoka chuo kikuu nikiamini kwamba alama huua akili ya mtoto. Nilikuwa nimeliandikia jambo hilo kurasa arobaini, mhadhiri wangu akanipa alama za juu kabisa, nami sikuona kichekesho chochote hapo.

Nilipangiwa shule ya msingi ambayo nusu ya watoto wake walitoka kambini kwa wanajeshi, na nusu kwa wakulima na wachuuzi wa mjini. Desturi ya pale ilijulikana na wote: insha husahihishwa juu ya ishirini, na anayeshindwa kufika kumi huchapwa kiboko kimoja kwa kila alama iliyopungua. Mimi nikafuta alama. Chini ya kila insha niliandika swali kwa wino mwekundu, na mwanafunzi alitakiwa kwenda kulitafutia jibu kwa watu kabla hajaandika insha nyingine.

"Mwalimu, nimepata ngapi?"

"Hakuna ngapi. Nimekuuliza swali."

"Sasa nichapwe ngapi?"

Walidhani nimewaficha adhabu kubwa zaidi. Wengine walijichapisha wenyewe kwa walimu wenzangu, yaishe.

Aliyenielewa ni binti mmoja wa darasa la saba, mtoto wa sajenti aliyehamishiwa kwetu kutoka kaskazini. Aliandika kwamba chumvi ya ziwa la Katwe huvunwa jua likiwa kali. Nikamwuliza: kwa nini si wakati wa mvua? Alikwenda sokoni kwa wanawake wauza chumvi, akarudi na ukurasa mzima na nusu: mvua ikinyesha, chumvi iliyokwisha kuganda hurudi kuwa maji. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaongeza: "Mkulima wa milimani Kyondo anaomba mvua kwa ajili ya kahawa yake, mkata chumvi anaomba jua. Mungu anamsikiliza nani?"

Niliwasomea walimu wenzangu. Mwalimu mkuu akasema mtihani hautauliza hilo. Mimi sikulala kwa furaha. Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu: mtoto yule asiache kuuliza.

Hiyo ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi, ambayo watu wazima walikuwa wameacha kuuliza. Mtu alihamia nyumba ya jirani aliyetoweka usiku, nawe ukampa hongera.

Insha iliyofuata ilikuwa juu ya siku asiyoisahau. Aliandika kwamba baba yake alileta gari nyumbani, jeupe, na watoto wote wa kambi wakalizunguka. Chini ya kiti cha nyuma yeye akaona kiatu cha mtoto mdogo, kimoja. Nilikuwa nimekwisha kusahihisha madaftari thelathini, mkono unakwenda wenyewe, na ulikuwa mkono uliojipenda sana. Nikaandika: "Umeona vizuri. Kiatu ni cha nani? Kilifikaje pale? Uliza, ueleze."

Naye, kwa kuwa nilimfundisha vema, akamwuliza baba yake.

Sajenti alikuja wakati wa mapumziko, amevaa sare, daftari mkononi. Mwalimu mkuu akakumbuka ghafla kwamba vyoo havijakaguliwa.

"Wewe ndiyo mwalimu ya maswali?"

"Ndiyo, afande."

"Nani nakutuma?"

"Hakuna, afande. Ni njia ya kufundisha. Mtoto akiulizwa, anafikiri."

"Mutoto yangu nafikiri tangu Jumapili. Hata chakula nakataa." Aliweka daftari mezani, akalifungua mwenyewe. "Sasa jibu wewe. Andika."

Niliandika. Kurasa zangu arobaini hazikunisaidia hata kwa neno moja. Niliandika: "Mwanafunzi amekosea. Hakukuwa na kiatu."

Alinifanya nimsomee mara mbili.

"Na alama?"

"Alama gani, afande?"

"Mutoto yangu hapana pata sifuri."

Nikampa ishirini juu ya ishirini, kwa kosa ambalo hakulifanya, nikatia sahihi.

Jumamosi nilikimbilia kwetu Bwera, mpakani kabisa. Habari zilikuwa zimenitangulia; mama alikuwa amekwisha kufunga nguo zangu katika shuka. Kongo ilikuwa mwendo mfupi tu. "Vuka, mwanangu," alisema. "Ualimu utaukuta mbele." Sikuvuka. Ningependa kusema ni kwa sababu ya mtoto yule, lakini cheti changu kilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na mtu wa elimu hawezi kukimbia bila cheti.

Jumatatu nikamrudishia binti daftari lake. Alisoma nilichoandika, akalifunga, akalikalia.

Insha yake iliyofuata ilihusu mvua. Mvua ni nzuri, aliandika. Mvua hustawisha mimea. Tunamshukuru Mungu kwa mvua. Mwandiko ulikuwa safi, hakuna kosa hata moja, na nilitafuta mahali pa kuuliza swali nikakosa. Wenzake walipotoka, nilimwita mezani.

"Hii si kazi yako."

"Ni yangu, mwalimu."

"Wewe ulikuwa unaona vitu."

"Nilikuwa nakosea, mwalimu," alisema kwa adabu, mikono nyuma. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda, kwa kuwa walikuwa wanamsubiri kuchota maji.

Nikamruhusu.